Yamalizeni mlangoni: namna ya kugawana nafasi finyu na usiowajua wakati wa mlipuko wa maradhi

Kwa miezi kumi na minane, kuanzia Aprili 2020, kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mlango wa lifti. Nilikuwa mlinzi katika jengo la ofisi lenye ghorofa kumi na mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nakagua mifuko na kuandikisha wageni. Korona ilipopamba moto nikapewa jukumu jipya: wasipande zaidi ya watu wawili kwa mara moja. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwambia mtu mzima, mwenye haraka zake, kwamba nafasi anayoiona kwa macho yake haipo. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kutukanwa, kwa kukosea, na kwa kuwaona watu ambao hawajawahi kukutana wakitaka kushikana mashati kwa ajili ya kipande cha sakafu.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura ile imekwisha. Lakini maradhi ya hewa yatarudi, na watu bado watapanda lifti.

Jua kwanza mnagombania nini

Ndani ya lifti yetu palikuwa na kibao: watu 8, kilo 630. Asubuhi moja kabla watu hawajafika niliingia na futikamba. Upana mita 1.1, kina mita 1.4. Kutoka pembe hadi pembe ni pungufu kidogo ya mita 1.8, na hapo ni ukuta kwa ukuta. Watu wenye miili wakisimama kwenye pembe mbili zinazokabiliana, baina ya kichwa na kichwa inabaki mita moja na kidogo. Akiingia wa tatu, hata asimame wapi, hiyo mita haipo tena. Tangu siku hiyo niliacha kusema "ndiyo amri". Nilikuwa nasema, "Ndani ni mita moja nukta nne kwa mita moja nukta moja, mama, wawili wakishaingia imejaa." Watu hubishana na amri. Na kipimo hawabishani sana.

Jambo la pili lililonipunguzia hasira ni kujua kwamba hata wenye kutii hawakuwa wakitii kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani lilisema mita moja. Ujerumani walisema moja na nusu. Uingereza walianza na mbili. Marekani walihesabu futi sita. Mtu mwenye mita mbili kichwani akikutana na mwenye mita moja, kila mmoja anaamini yeye ndiye muungwana na mwenzake ndiye mkorofi. Tena elimu yenyewe ilikuwa inasogea: mwanzoni tuliambiwa tuogope matone yanayoanguka karibu, tunawe, tufute vitasa, kufikia 2021 tukaambiwa wazi kwamba kirusi huelea hewani, hasa kwenye vyumba visivyopitisha hewa. Mwenye kufuta vitasa na mwenye kufungua madirisha walikuwa wamesikia habari za miezi tofauti. Basi unapomkabili usiyemjua, anza na dhana kwamba naye anafuata kitu alichoambiwa. Mara nyingi ni kweli.

Mlangoni ndipo pa kusemea

Nitasimulia kisa kimoja, maana ndicho kilichonifundisha kazi.

Lifti moja ilikuwa mbovu siku hiyo. Ndani ya ile nyingine walikuwa wamesimama mama mmoja mwenye barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na kijana mwenye bahasha. Mlango unakaribia kufunga, akaja mwanamume mbio mbio, akaweka kiganja kwenye ukingo wa mlango. Mlango ukamgusa, ukafunguka. Mama akasema, "Tumejaa." Mwanamume akasema, "Nachelewa, ni ghorofa ya nne tu." Mlango ukaja tena, ukagusa kiganja kilekile, ukafunguka. Sasa mama anapaza sauti, barakoa zinamnyonya mdomoni kila akivuta pumzi. Mlango ukaja mara ya tatu. Nami, badala ya kusogea na kusema naye taratibu, nikapiga kelele kutoka pale nilipokuwa: "Wewe! Toka hapo!"

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Akaingia.

Mpaka leo naona kosa lilikuwa langu. Kabla sijapiga kelele alikuwa na njia ya kurudi nyuma. Baada ya kelele, kurudi nyuma kulikuwa ni kuaibika mbele ya watu ishirini. Mama akatoka kwa hasira, akamsukuma begani wakati anapita, kijana wa bahasha naye akatoka, na lifti ikapanda na mtu mmoja. Mama alibaki pembeni ya dawati langu akitetemeka mikono. Akaniambia nyumbani ana mumewe anayesafishwa figo. Alichokuwa anakitaka ni hewa. Mwanamume alichokuwa anakitaka ni dakika. Hakuna aliyekuwa anataka kumshinda mwenzake mpaka tulipowaweka kwenye hali ya kushindana.

Jioni hiyo nilikaa na saa nikapima lifti inachukua muda gani kwenda juu na kurudi. Kwa kawaida ilikuwa dakika moja na nusu. Ikisimama njiani sana, dakika mbili. Kuanzia kesho yake kila niliyemzuia nilimwambia, "Inarudi baada ya dakika moja na nusu, na wewe ndiye wa kwanza." Maneno hayo yalimaliza ugomvi kuliko kibao chochote. Mtu anayejua atasubiri kiasi gani, husubiri. Kinachomtia wazimu ni kusubiri kusikokuwa na mwisho.

Kwa hiyo, kama wewe ni abiria tu na hakuna mlinzi, fanya hivi. Zungumza kabla hujaingia, au kabla mwenzako hajaingia, wakati kila mmoja bado ana pa kwenda. Sogea karibu kiasi cha kusikika bila kupaza sauti, kisha uliza swali ambalo majibu yake yote mawili unayakubali: "Unatangulia wewe, au nitangulie mimi?" Anayeulizwa hivyo amepewa hadhi ya kuamua. Anayeambiwa "usiingie" amepokonywa. Usiulize swali hilo kama huko tayari kusubiri, maana utakuwa umemdanganya na atajua.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye hofu zaidi, wewe ndiye usubiri. Wengi hawapendi kuusikia ushauri huu. Watasema, kwa nini mwenye kujikinga ndiye apate taabu? Ni kweli si haki. Lakini mlango ukishafungwa, haki yako haitakuongezea hewa. Kusubiri inayofuata ni kitu unachoweza kukifanya mwenyewe bila kumwomba yeyote.

Sema habari zako, usiseme habari zake

"Barakoa yako iko chini ya pua" ni habari zake. "Samahani kaka, nyumbani nina mgonjwa, naomba unisaidie kupandisha barakoa" ni habari zangu. Niliwasikia watu wakitumia sentensi zote mbili kwa miezi mingi. Ya kwanza humfanya mtu ajitetee hata kama anajua amekosea. Ya pili humpa nafasi ya kufanya wema, na watu wengi wanapenda kuonekana wema. Usitunge mgonjwa kama huna. "Nina wasiwasi kidogo, naomba unisaidie" inatosha.

Mwite kwa heshima inayomstahili: mzee, mama, kaka, dada. "Wewe" peke yake, kwa mtu usiyemjua, ni kofi.

Ombi moja tu, mara moja tu. Akikataa, usirudie kwa sauti kubwa zaidi. Hamia kwenye jambo unaloweza kulifanya wewe: shuka ghorofa inayofuata, badili kiti, fungua dirisha.

Na usihukumu kikohozi. Tulikuwa na mhasibu mwenye pumu ambaye watu walimkimbia mpaka akawa anapanda ngazi ghorofa saba, na kupanda ngazi ndiko kulikomfanya akohoe zaidi. Wapo pia wasioweza kuvaa barakoa, na wapo viziwi wanaohitaji kuona midomo ili waelewe. Ukimwona mtu ameteremsha barakoa anapozungumza na kiziwi, mpishe.

Mkishakuwa ndani, nyamazeni

Mtu anayezungumza hutoa chembe nyingi kuliko aliyenyamaza, na anayepiga kelele hutoa nyingi zaidi. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 wa kwaya moja walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Waliougua, kwa kuhesabu waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikuwa 53, na wawili walifariki. Walikuwa wanaimba tu, na waliimba kwa nia njema kabisa. Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka yule mama na yule mwanamume wakipigiana kelele kwenye kijumba cha chuma. Safari ya lifti ni nusu dakika; mkinyamaza, hatari yake ni ndogo. Kumwelekeza mtu adabu kwa sauti kubwa humo ndani ni kujiongezea kile unachokikimbia.

Kwa hiyo ndani ya lifti neno linalofaa ni namba ya ghorofa, na tena liseme kabla hujaingia ili aliye karibu na vitufe abonyeze. Simameni pembe tofauti, nyuso zielekee ukutani au mlangoni. Simu isipokelewe.

Kwenye basi na chumba cha kusubiria

Hapa muda ni mrefu, kwa hiyo hewa ina uzito kuliko umbali. Fikiria moshi wa sigara: kama mtu mmoja angevuta mbele, ungeusikia ukiwa wapi? Ugomvi mkubwa wa kwenye basi ni wa dirisha: mmoja anaona baridi, mwingine anaona kifo. Usiombe dirisha zima. Omba mapengo mawili madogo, moja mbele na moja nyuma, upande wa pili; hewa itapita kuliko dirisha moja lililo wazi kabisa, na upepo hautampiga mtu mmoja shingoni. Kisha badilishaneni viti: mwenye baridi akae kwa ndani, mwenye hofu akae dirishani. Niliona dada mmoja akimvulia mzee mtandio wake ajifunike shingo, na dirisha likabaki wazi safari nzima.

Dereva msimfanye hakimu. Katika mji wa Bayonne, Ufaransa, dereva wa basi alishambuliwa Julai 2020 baada ya kuwataka abiria wavae barakoa, na alifariki siku chache baadaye. Ukimpelekea malalamiko, mpelekee mkiwa mmesimama kituoni, na umwombe jambo dogo analoweza kulifanya bila kuondoka kwenye usukani.

Chumba cha kusubiria ni rahisi zaidi kwa sababu kina mlango. Waambie mapokezi unasubiri nje, mpe mtu namba yako ya foleni au ya simu, toka. Ukitaka kuacha kiti kitupu kati yako na jirani, weka mkoba pale mapema, na uuondoe bila kuulizwa akija mjamzito au mgonjwa.

Ikishawaka

Ukiona mikono imeanza kupanda, kazi yako si kuamua nani mkweli. Toka, au msaidie mmoja atoke. Usirekodi kwa simu: kamera ni foleni nyingine ya watu ishirini wanaomtazama mtu akiaibika. Kama wewe ni mtu wa tatu, zungumza na yule aliye karibu zaidi na mlango, si yule mwenye kelele zaidi. Mpe sababu ya kuondoka isiyo na aibu: "Dada, hebu nisaidie huku mara moja." Nilitumia sentensi hiyo mara nyingi, na karibu kila mara walikuja bila kuuliza nisaidiwe nini.

Mkikutana tena, na kwenye jengo moja mtakutana tu, aliyepaza sauti aanze. Yule mwanamume wa ghorofa ya nne nilimwona baada ya siku tatu akitoka ngazini. Nikamwambia, "Kaka, juzi nilikupigia kelele mbele ya watu. Nisamehe." Alisimama, akapandisha barakoa mpaka juu ya pua, akaniambia siku ile alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi. Nikamuuliza kama aliipata. Akasema ndiyo, wameshampa hadi ufunguo wa droo. Kisha akaniuliza yule mama hupita saa ngapi.

Nikamwambia, saa mbili na robo. Siku iliyofuata alikuja saa mbili na dakika kumi, akasimama nyuma ya mstari.