Kijana wako anabeba mpira? Namna raning beki anavyopata nafasi chuoni Marekani

Hii naiandikia wazazi, wajomba na mashangazi tulioko huku Marekani ambao mtoto amefika darasa la tisa au la kumi, ana mbio, kocha wa futiboli ya Kimarekani shuleni kampa mpira akimbie nao (huyo ndo raning beki), na sasa kila Ijumaa usiku mnakaa kwenye baridi mnashangilia ila hamjui hii safari inaelekea wapi. Na kama wewe ndo dogo mwenyewe basi soma mpaka mwisho, maana mengi humu ni kazi yako, sio ya mama yako.

Cha kwanza kabisa: kocha wa chuo hatafuti mtu wa kukimbia. Wakimbiaji wamejaa, kila shule ya sekondari Texas ina wawili watatu. Yeye anatafuta mtu wa kujaza nafasi fulani kwenye ofensi yake (upande wa kushambulia), nafasi ambayo mwaka ujao itakuwa wazi. Na darasa moja la wachezaji wapya linaweza kuwa na watu zaidi ya ishirini lakini raning beki humo ni mmoja, wawili wakizidi. Kwa hiyo kazi yako ni kujua wewe ni raning beki wa aina gani, alafu utafute vyuo vinavyomtumia mtu wa aina yako. Ukituma meseji kwa vyuo mia bila kujua hilo unachosha vidole tu.

Aina zenyewe ndo hizi. Kuna yule wa kubeba mzigo wote, anakaa uwanjani dauni zote (yale majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi) na mechi nzima inapita mikononi mwake. Derrick Henry pale Alabama mwaka 2015 alibeba mpira mara 395 akapata yadi 2,219 na Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Ashton Jeanty wa Boise State mwaka 2024 alibeba mara 374, yadi 2,601, akabakiza kidogo tu kuifikia rekodi ya Barry Sanders ya yadi nyingi kwa msimu, ya 1988, ambayo ni 2,628. Na huyo Jeanty alipotoka sekondari Frisco, Texas, hakuwa kwenye kundi la nyota tano (daraja la juu kabisa la vijana wanaotafutwa na vyuo), alienda chuo kilichomtaka kweli na ofensi yake ikamfaa. Hilo lifikirie vizuri kabla hujaanza kulilia majina makubwa.

Ila ukweli ni kwamba wa aina hiyo wamebaki wachache, siku hizi timu nyingi zinagawa kazi. Ohio State waliochukua ubingwa wa msimu wa 2024 walikuwa na wawili, TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins ambaye alihamia kutoka Ole Miss, kila mmoja akavuka yadi 1,000 na wote wakachukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa, raundi ya pili ya drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) mwaka 2025. Sasa mzazi ukisikia mwanao "anagawana" usianze kumpigia kocha simu kwa hasira, kugawana kunampunguzia mapigo mwilini na bado anaonekana. Alafu kuna yule wa kudaka, Christian McCaffrey wa Stanford mwaka 2015 alikimbia, akadaka, akarudisha mipira ya mateke, jumla yadi 3,864, mpaka leo watu wakitaka kueleza raning beki wa kisasa wanamtaja yeye. Kuna mzito wa yadi moja mbili pale karibu na mstari wa goli. Na kuna vyuo vya jeshi, Army, Navy na Air Force, vyenye ofensi ya opsheni, yaani ya kukimbia zaidi kuliko kurusha pasi, ambako raning beki wa katikati anagonga ukuta mara nyingi kwa mechi, ukiwa mfupi mnene mwenye nguvu na masomo yako yako vizuri sana usivipite hivyo.

Wakongo nao wana mtu wao kwenye historia hii. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Quebec, akaenda Michigan, na mwaka 1995 aliwakimbiza Ohio State yadi 313 kwenye mechi moja wakati Ohio State walikuwa hawajafungwa na upande wao yupo Eddie George aliyechukua Heisman mwaka huohuo. Michigan ikashinda 31 kwa 23, na mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchukua wa nane kwenye drafti nzima. Kwa hiyo mtu akikwambia huu mchezo sio wa watoto wetu mwambie akamtafute huyo.

Tuje uwanjani sasa. Zipo namna mbili kubwa za kukimbia na kocha atakuuliza unazijua. Moja ni zoni, ambapo laini yote ya ofensi (wale watano wa mbele wanaokufungulia njia) inapiga hatua upande mmoja na wewe ndo unachagua mlango. Ukipokea mpira hatua zako za kwanza ni fupi, mabega yanatazama goli, macho yako kwa yule mtu wa difensi (upande wa kuzuia) aliye karibu na senta, yule wa katikati ya laini. Akisukumwa nje unapita ndani yake, akijibana ndani unatafuta mlango wa pembeni, na wakifurika wote upande wa mchezo unakata kurudi nyuma ya laini. Kosa la vijana wengi ni haraka, wanaukimbilia mlango haujafunguka wanagonga mgongo wa gadi (anayesimama ubavuni mwa senta) wao wenyewe. Inabidi usubiri kama dereva wa daladala anayevizia mwanya Kariakoo, taratibu taratibu, ukitokea unakanyaga mafuta bila kuangalia nyuma. Namna ya pili ni ile ya kumfuata gadi anayevuka kutoka upande wa pili kuja kukufungulia njia, hapo huna kuchagua sana, unakaa nyuma ya kiuno chake mpaka agonge mtu alafu unapita upande wa pili wa pigo. Ukiangalia chuo angalia wanakimbia ipi zaidi, maana mtu wa miguu mepesi anayeona mianya anang'aa kwenye zoni na mtu wa nguvu anayeenda moja kwa moja anang'aa kwenye ile ya pili.

Lakini kinachomweka kijana wa mwaka wa kwanza benchi sio mbio, ni kumlinda kwotabeki, yule anayerusha pasi, na hapa ndo naomba tukae kidogo. Ni dauni ya tatu na yadi nane, kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja, lainbeka (mtu wa difensi anayesimama nyuma ya laini yao) anakuja mbio katikati ya gadi na senta. Raning beki anatakiwa aanze kuangalia ndani kwanza ndo aende nje, kwa sababu anayepita katikati ndo ana njia fupi ya kumfikia kwotabeki. Akimwona asimsubiri, apige hatua kwenda kumkuta, magoti yamekunjwa, kiuno chini, mikono ndani ya kifua cha mtu, na kichwa juu, kichwa juu kabisa narudia, ukiinamisha kichwa unahatarisha shingo yako. Huyo lainbeka ana kilo mia na zaidi, dogo ana kilo tisini, hakuna anayetaka umwangushe, unatakiwa kumchelewesha sekunde mbili tu mpira utoke. Henderson wa Ohio State watu walimsifia kwa hii kazi karibu sawa na kukimbia. Kijana anayeweza hii anaingia uwanjani mapema, asiyeweza kocha hamwachii kwotabeki wake hata akiwa na mbio za Olimpiki.

Kudaka nako usikuache. Jioni baada ya mazoezi mwombe kwotabeki wa timu yenu akurushie, zile pasi fupi za pembeni, skrini (pasi fupi unayodaka nyuma ya wazuiaji wako), na ile ya kutoka kama unaenda nje alafu unakata ndani mbele ya lainbeka. Alvin Kamara alipitia chuo cha miaka miwili Hutchinson, Kansas, kabla ya Tennessee, na mikono yake ndo ikampa jina. Na mpira uushike vizuri: ncha imefunikwa na vidole, umebanwa mbavuni na kiwiko, kwenye mkono ulio upande wa nje mbali na difensi. Ukidondosha mara mbili unasahaulika.

Video. Fungua akaunti ya Hudl, mtandao wa video za mechi, kama shule yenu haijafungua. Klipu nzuri kuliko zote inakaa ya kwanza kabisa, kwa sababu kocha anaangalia nyingi kwa siku na akichoka anafunga. Dakika tatu mpaka nne zinatosha. Weka mshale au duara kwenye jezi yako kabla mchezo haujaanza, mwanzoni weka jina, urefu, uzito, wastani wa alama na namba ya kocha wako. Na usijaze mbio ndefu peke yake, tia klipu mbili tatu unablock na mbili tatu unadaka, hizo ndo zinamfanya kocha wa raning beki akae vizuri kwenye kiti. Kama unakimbia riadha weka na muda wako wa mita 100 uliopimwa kwa mashine, huo unaaminika kuliko zile sekunde za yadi 40 za saa ya mkononi ya mjomba.

Kutafuta chuo fanya hivi: chukua rosta (orodha ya wachezaji) ya timu, hesabu raning beki wangapi wako mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wengi mlango umebana. Angalia mechi zao tatu nne uone dauni ya tatu anaingia nani. Angalia kama wanaleta wazee kutoka potali ya transfa (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo) kila mwaka, maana tangu wachezaji waruhusiwe kuhama bila kukaa nje msimu makocha wengi wanapenda mtu aliyekwisha komaa, na kuanzia 2025 vyuo vikubwa vingi vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye rosta, ambacho kimewabana zaidi wale wanaojiunga bila kulipiwa. Kwa hiyo usidharau ngazi nyingine, FCS (ngazi ya chini ya divisheni ya kwanza), divisheni ya pili, NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo, vingi vidogo), vyuo vya miaka miwili. Divisheni ya tatu hawatoi skolashipu ya michezo lakini wanatoa msaada wa masomo na wa kipato, na wakati mwingine ukipiga hesabu unalipa kidogo kuliko kwingine.

Meseji aandike kijana mwenyewe, amwandikie kocha wa raning beki na yule anayeshughulikia mkoa wenu, mistari minne, kiungo cha video, na sentensi moja inayoonyesha ameiangalia ofensi yao kweli. Makocha wa divisheni ya kwanza wanaruhusiwa kumjibu kwa meseji binafsi kuanzia tarehe 1 Septemba ya darasa la kumi na moja, kabla ya hapo ukimya haumaanishi hawamtaki. Kampu za chuo za mwezi Juni ni nzuri, chagua zile za vyuo vilivyokwisha mjibu, na ile barua ya "umealikwa" inayokuja na bei mara nyingi imetumwa kwa watoto kibao.

Sasa masomo, na hapa familia zetu ndo zinaumia bure. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka masomo ya msingi 16, kwa divisheni ya kwanza wastani wa alama (GPA) wa 2.3 na ya pili 2.2. Divisheni ya kwanza inataka 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya darasa la kumi na mbili kuanza, na saba ya hayo kumi yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Mitihani ya SAT na ACT haidaiwi tena na NCAA tangu 2023. Kama mtoto alisoma sekondari Kongo, Kenya au kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ile miaka inahesabiwa, saa inaanza pale alipoanza darasa la tisa popote duniani, na wanataka cheti cha kila mwaka kwa lugha yake pamoja na tafsiri rasmi. Anzeni kuvitafuta mapema, ukisubiri mwaka wa mwisho kumpigia mwalimu mkuu wa Uvira au Kigoma utachelewa. Na si kila darasa la Kiingereza cha wageni linahesabiwa, mwombe mshauri wa masomo orodha ya madarasa ya shule yenu yaliyokubaliwa na NCAA, muipitie mstari kwa mstari. Aliye kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi) aongee na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hajagusa hela yoyote ya matangazo ya jina na picha, viza hiyo ina masharti makali ya kazi.

Ofa ya mdomo haimfungi mtu, si chuo si kijana. Kusaini ni Desemba au Februari ya mwaka wa mwisho, na ile National Letter of Intent ya zamani (barua ya kujifunga na chuo) ilifutwa 2024, sasa anasaini mkataba wa msaada wa fedha na chuo. Mkienda kutembelea mzazi uliza bila aibu: mnamwona kwenye kazi gani mwaka wa kwanza? Kocha huyu wa raning beki anabaki? Mnaleta wangapi wengine darasa hili? Alafu kabla ya sahihi muonyeshwe kwa maandishi inalipwa nini, ada, malazi, chakula, vitabu, na ni kwa mwaka mmoja au kwa yote minne.