Kuchota maji ziwani pasipo mtu kuzama

Uingereza ya ukoo wa Tudor, kati ya 1485 na 1603, aliyekufa kwa ajali hakuzikwa hivihivi. Alikuja mchunguzi wa vifo wa mfalme, akawakusanya wanakijiji wautazame mwili, kisha ikaandikwa marehemu alikuwa wapi na anafanya nini. Katika kumbukumbu hizo waliozama ni wengi mno, tena katika shughuli za kila siku: mtu kainama na ndoo bwawani, mwingine anafua, kijana kaenda kuoga mtoni.

Kuinama kule ndiko kunakoua hata huku kwetu. Dumu la lita 20 likiwa ndani ya maji ni jepesi. Ukilitoa tu, kilo 20 zinakuvuta mbele, nawe umesimama kwenye jiwe. Mawe yetu ya Mwanza yana utando wa kijani pale mawimbi yanapopiga, na unateleza kama sabuni.

Kwa hiyo dumu lisiingie ziwani. Liache nchi kavu, hatua mbili nyuma yako, uchote kwa kopo la lita moja au mbili na kumimina. Ni kazi ndefu, lakini mwili unabaki wima. Chagua mchanga kuliko jiwe, pima kina kwa fimbo, usivuke magoti. Penye magugu maji usikanyage: yanaficha ukingo, na mamba hujificha humo. Nenda asubuhi kabla upepo haujainua mawimbi. Mtoto mdogo asitumwe peke yake. Maji ya magoti kwako ni ya kiuno kwake.

Kila mwalo uwe na dumu tupu la kuokolea, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita 10 au zaidi. Tia maji kidogo ndani, kama nusu lita, ili lirushike mbali. Likiwa tupu kabisa upepo hulirudisha. Mtu akizama, usimfuate kwa kuogelea, maana atakukumbatia mzame wote. Rusha dumu lipite kichwa chake, kisha livute hadi alishike.

Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo: unapoteza muda, na matapishi huingia mapafuni. Mlaze chali. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5 huku ukitazama kifua kinainuka. Halafu weka viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, ukandamize mara 30, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, karibu mara mbili kwa sekunde. Pulizia 2, kandamiza 30, endelea hivyo. Ukichoka mwenzako apokee palepale. Akizinduka, mlaze ubavu, mfunike kanga kavu, na apelekwe hospitali hata akisema yuko salama, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.