Usiuamini waya mweusi wa swichi

Ndugu zangu mnaosomea umeme kwenye vyuo vya ufundi hapa Lamu, lishikeni hili mapema. Darasani tunazoea rangi mpya: kahawia laivu, yaani unaoleta umeme, buluu nyutro, yaani unaourudisha, kijani na manjano ardhi, ule wa usalama. Ukiingia nyumba za Mji wa Kale unakuta nyekundu na nyeusi. Nyeusi ni nyutro, ndiyo, lakini kwenye swichi ya taa mara nyingi sivyo. Pale mwekundu huleta umeme na mweusi huupeleka kwenye taa. Swichi ikiwashwa, huo mweusi una volti 240 kamili. Mimi niliushika nikidhani ni nyutro, mkono ukafa ganzi hadi begani.

Kwa hivyo zima braka ya taa, soketi uziache na umeme. Jaribu kipimo chako cha umeme kwenye soketi kwanza, upime nyaya zote za swichi, halafu urudi ukijaribu tena soketini, maana kipimo nacho huharibika ghafla. Ukimaliza, funga utepe mwekundu kwenye ule mweusi. Atakayefungua baada yako atajua.

Na skrubu zilizoota kijani kwa chumvi ya bahari, badilisha. Zikilegea hupata moto.