Kabla ya kufungua chupa ya peroksaidi

Walimu wenzangu wa Tanga, kabla ya somo la kutengeneza oksijeni, anzeni kwa kukagua vyuma vilivyo mezani. Hewa yetu ya bahari hula chuma upesi, na koleo la maabara hupata kutu hata likikaa kabatini. Haidrojeni peroksaidi, kimiminika tunachotolea oksijeni, haihitaji zaidi ya chembe chache za kutu hiyo ili ivunjike kwa kasi. Shaba na fedha nazo ni hivyohivyo, kwa hiyo pete zivuliwe.

Ikiachwa safi, peroksaidi huvunjika kuwa maji na oksijeni polepole mno. Metali huifungulia njia nyepesi: molekuli hunasa juu yake, hupasuka kwa nguvu ndogo, na metali hubaki tayari kupokea nyingine. Ndiyo maana chembe moja haichoki. Kila molekuli inayopasuka hutoa joto, joto huongeza kasi, kasi nayo huzidisha joto.

Basi mabaki ya bika yasirudishwe chupani kamwe. Niliwahi kuingia maabara asubuhi nikakuta chupa imevimba, kwa sababu mtu alirudisha mabaki ya jana yake. Niliwatoa wanafunzi wote nje. Tangu siku hiyo sikubali hata tone lirudi. Wala msihamishie peroksaidi kwenye chupa ya soda. Kizibo cha chupa yake kina tundu la kupumulia, na tundu hilo ndilo linaloiokoa.

Peroksaidi ya asilimia 30 huandikwa ujazo 100, maana lita moja hutoa takriban lita 100 za oksijeni. Hiyo huunguza ngozi. Ipunguzeni: kipimo kimoja kwa vinne vya maji yaliyokenekwa, si ya bomba lenye kutu. Miwani na glavu, bila kujadiliana.

Ili kuharakisha kuvunjika huko kwa makusudi, unga wa manganizi dioksaidi wa ncha ya kijiko cha plastiki unatosha. Unga mweusi wa betri kuukuu uacheni, umechanganyika na mkaa na chumvi. Unga utangulie kwenye chupa, peroksaidi idondoke juu yake kutoka kwenye faneli yenye koki, ili kasi ikizidi mfunge koki. Mkitanguliza peroksaidi kisha mkamwaga unga, hamna tena cha kufunga.

Mwisho, kabla ya kuanza, pitisheni maji kwenye mpira wa kutolea gesi mwone kama haujaziba. Nyigu hupenda kujenga humo wakati wa likizo.