SOMO: Kuongeza RAM na kuweka SSD kwenye ThinkPad T480 bila kuiua mashine

Ndugu zangu, tangu usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa mno ni hili: ninunue mashine mpya? Kwa mwenye ThinkPad T480, kompyuta mpakato ya Lenovo, jibu langu ni hapana. Mashine hii ilitoka 2018, nyingi zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nane, ambazo Windows 11 inazikubali rasmi, na RAM yake yote, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, inabadilishika kwa mkono. Kinachoichelewesha ni RAM ya GB 4 au 8, na nyingine bado zina hadidiski ile ya kuzunguka badala ya SSD, diski ya kasi isiyo na kinachozunguka. Vyote hivyo utavibadilisha mwenyewe mezani kwa bisibisi moja ya nyota.

Ila msikimbilie bisibisi. Miaka kadhaa iliyopita nilifungua mashine ya jirani yangu, mwalimu wa sekondari. Chaja nilichomoa, betri ya nyuma nilitoa, nikaamini umeme umekwisha. Bisibisi ikateleza, ncha ikagusa madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ikatoka cheche ndogo, na mashine haikuwaka tena. Kumbe ndani kulikuwa na betri ya pili. Maksi za wanafunzi wake wa kidato cha tatu tuliziokoa kwenye diski. Madabodi nikalipa mimi, na mwalimu akakaa wiki tatu bila kifaa cha kazi. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye umeme. Nivumilieni.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Geuza, soma jina chini. T480 si T480s. Ile yenye "s" ina RAM iliyolehemiwa kwenye madabodi na sloti moja tu ya kuongezea. T480 ya kawaida ina sloti mbili huru. Kisha washa Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji, gusa kumbukumbu. Utaona sloti ngapi zimetumika. Ikiwa ni 1 kati ya 2, umebahatika: unanunua kipande kimoja tu, cha zamani kinabaki.

RAM inayotakiwa ni DDR4 ya kompyuta mpakato, ile fupi inayoitwa SODIMM, si ile ndefu ya kompyuta ya mezani. Mashine inaiendesha kwa kasi ya 2400. Ukipata ya 2666 au 3200 nunua tu, itajishusha yenyewe. DDR3 haiingii: ina pini 204 na DDR4 ina 260, na hata ule mkato wa chini umekaa mahali tofauti. Ukiwa dukani weka ya kwako na unayonunua ubavu kwa ubavu. Mikato isipolingana, rudisha.

Hatua ya 2: Okoa mafaili kwanza

Nakili kila kitu muhimu kwenye diski ya nje. Halafu angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri. Ikiwa imefungwa, hakikisha una ule ufunguo wa kuokoa wenye tarakimu 48, umeuandika mahali nje ya mashine hiyo hiyo, kisha uisimamishe BitLocker kwa muda. Mashine ikiona mabadiliko ndani inaweza kuudai ufunguo huo wakati wa kuwaka, na asiye nao hafiki kwenye mafaili yake, hata kwa fundi gani.

Kama unabadilisha diski, una njia mbili. Ya kwanza ni kuinakili diski nzima kwenda SSD mpya kwa adapta ya USB na programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Ya pili ni kusimika Windows upya kwa flashi ya GB 8. Mimi hupendelea ya pili kwa mashine za mtumba, maana huwezi kujua mwenye nayo wa kwanza aliacha nini ndani. Leseni ya Windows iliyosajiliwa kidijitali inaitambua madabodi, kwa hiyo kubadilisha diski hakukufanyi ununue nyingine.

Hatua ya 3: Ua umeme wote

T480 ina betri mbili: moja ya nyuma inayotoka kwa vidole, na nyingine ndani, mbele, chini ya pale mikono inapoegemea. Ile ya ndani huizimi kwa kuzima mashine. Fanya hivi:

Chomoa chaja. Washa mashine na ugonge F1 mara kwa mara mpaka uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine unaotangulia Windows. Fungua Config, kisha Power, ushuke hadi Disable Built-in Battery, ukubali. Mashine itajizima yenyewe. Sasa toa betri ya nyuma kwa kusukuma vile vilachi (vifungio) viwili vya chini. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi. Kisipotokea chochote, hapo ndipo uchukue bisibisi.

Kuanzia hapo usiichomeke chaja hadi umalize kufunga. Chaja ndiyo inayoiamsha betri ya ndani. Mtu anaweza kufuata yote haya vizuri, kisha akachomeka "kidogo tu nione", akawa amerudi pale nilipokuwa mimi siku ile.

Kuna pia umeme tuli wa mwilini. Tulio Dar, Tanga au Mombasa, unyevu wa hewa unatusaidia. Walio Iringa, Njombe au Nairobi majira ya ukavu wajihadhari zaidi. Vua sweta ya sufu, fanyia kazi juu ya meza tupu ya mbao badala ya zulia au kitanda, na uguse chuma kikubwa kisichopakwa rangi kabla ya kushika RAM. Shika RAM kwa kingo zake, usiguse zile pini za dhahabu.

Hatua ya 4: Fungua na uweke RAM

Legeza skrubu sita za mfuniko wa chini. Hazitoki kabisa, zinabaki kwenye mfuniko, basi usizivute. Chukua kadi ya plastiki, kuukuu ya benki inafaa, uanzie nyuma karibu na bawaba ukizunguka taratibu. Utasikia vibanio vikiachia. Usitumie kisu.

RAM ziko katikati, na huenda zimefunikwa kwa karatasi nyeusi ya plastiki; inyanyue bila kuichana. Kuitoa ya zamani, sukuma vile vishikizo viwili vya pembeni nje, na itainuka yenyewe. Mpya iingize ikiwa imelala mshazari, kama nyuzi 30 hivi, mpaka pini karibu zote zizame, kisha ishushe kwa vidole viwili hadi usikie "ta!" pande zote mbili. Upande mmoja ukilia na mwingine ukanyamaza, itoe uanze upya.

Hatua ya 5: Diski

Kama una hadidiski ya inchi 2.5, SSD ya SATA (yenye kiunganishi kama cha hadidiski) ya unene wa milimita 7 inakaa palepale: ihamishe kwenye kile kibebeo chake, rudisha waya, basi. SATA hufika takriban MB 550 kwa sekunde. Hadidiski nyingi za mpakato huwa karibu na MB 100. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Ukitaka NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, mashine inaikubali, lakini inataka kibebeo maalumu na waya unaoendana nacho. Fungua uone kilichomo kabla ya kulipia.

Funga mfuniko, kaza skrubu kwa wastani, rudisha betri, chomeka chaja, washa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbeya): Mkuu, shukrani kwa somo. Nimeweka RAM, nimewasha, kioo cheusi. Nimeiua?

Jibu: Tulia kaka. Baada ya kubadilishiwa RAM mashine huipima kwanza, na kioo kinaweza kukaa cheusi hata dakika nzima. Ikizidi hapo, zima, rudia hatua ya 3 yote, kisha jaribu RAM moja moja katika kila sloti. Mara nyingi ninapoletewa tatizo hili, RAM ilikuwa haijazama vizuri upande mmoja.

Swali (Mwanza): Nina GB 8 ndani. Naweza kuongeza ya GB 16 ya kampuni nyingine, au lazima zifanane?

Jibu: Unaweza, dada. Utapata 24. GB 16 za kwanza zitafanya kazi kwa njia mbili sambamba, na 8 zinazobaki kwa njia moja. Zinazofanana ni bora kidogo, lakini kwa kazi za ofisi na masomo hutaona tofauti. Rasmi mashine hii inabeba hadi 32.

Swali (Mombasa): Fundi, nitajuaje kama SSD niliyouziwa kuwa mpya ni mpya kweli?

Jibu: Iunganishe, fungua CrystalDiskInfo, usome saa ilizofanya kazi na afya yake. Mpya huonyesha saa chache sana au sifuri. Ukikuta maelfu, rudi dukani na risiti. Kisha ijaze mafaili hadi karibu na mwisho, uyafungue tena: zile za bandia hutangaza ukubwa zisio nao, na mafaili ya mwisho utayakuta yameharibika. RAM ya mtumba nayo ipime usiku kucha kwa MemTest86. Kosa hata moja, irudishe.

Swali (Kigoma): Nimefungua nikakuta ile betri ya ndani imevimba kama mkate. Mashine inawaka vizuri. Nifunge tu?

Jibu: Usifunge, na usiichaji tena. Kilichoijaza ni gesi, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Usiibonyeze wala usiichokonoe kwa bisibisi. Kama haijabana, chomoa kiunganishi chake kwa kucha, fungua skrubu zake, uinyanyue kwa mikono miwili bila kuikunja. Ikiwa imebana, acha hapo hapo umpelekee fundi anayeaminika, mashine ikiwa imezimwa. Ukishaitoa iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto, hadi upate fundi au duka linalopokea betri mbovu. Usiitupe jalalani wala kuichoma pamoja na taka. Wakati unatafuta nyingine, T480 inafanya kazi na betri ya nyuma peke yake.