Kabla Mbwa Hajapita Getini: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mashamba ya Iyumbu, Nala na Mtumba yamegeuka viwanja, viwanja vikawa nyumba, na nyumba nyingi hupata mbwa hata kabla ukuta haujapigwa lipu. Mbwa huyo huletwa kwa sababu ya wezi, hufungwa mnyororo siku hiyo hiyo, na baada ya miezi michache mwenye nyumba hushangaa kwamba anamrukia kila mtu, akiwamo mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Namna mbwa atakavyoishi na watu na mbwa wenzake hutegemea sana maandalizi ya watu wanaompokea, na maandalizi hayo yafaa kuanza wakati mtoto wa mbwa bado ananyonya.

La kwanza kuulizia ni umri. Kuanzia wiki ya 3 hadi takriban ya 12 au 14 tangu azaliwe, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani na ni nini cha kawaida katika maisha yake. Anachokizoea kwa upole katika kipindi hicho hakimsumbui ukubwani, na asichokutana nacho huweza kumtisha daima. Ukipita Bahi au Chamwino utawaona mbwa wa wafugaji wa Kigogo wakifuatana na mbuzi malishoni bila kugusa hata mwanambuzi, kwa kuwa wamekulia pembeni mwa zizi, kati ya mifugo na watoto. Hata hivyo, asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Anapocheza na ndugu zake hujifunza kupima nguvu ya meno, maana akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Ukiletewa kitoto cha wiki nne ndani ya boksi, hata kikivutia namna gani, mwombe muuzaji akirudishe kwa mama yake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuwaandaa watu wa nyumbani. Kaya nzima ikae na kukubaliana ni nani atamlisha, atalala wapi, na kwamba mtoto yeyote hamkaribii mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Nyumbani kwetu tulijifunza hili kwa gharama ya mkono wa mtoto. Mbwa alikuwa anakula ugali wa dona kwenye sufuria kuukuu, binti wa miaka mitano akachuchumaa kumpapasa shingoni. Mbwa aliacha kutafuna, akakakamaa akiwa ameinamia chakula, weupe wa jicho ukaonekana pembeni, kisha akang'ata. Hakunguruma, na kosa hilo lilikuwa letu, kwa sababu kwa miezi kadhaa tulikuwa tukimchapa kila aliponguruma, hata tukamfundisha kuliacha onyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Mngurumo ni taarifa. Anayeusikia amwondoe mtoto, asimpige mbwa.

Wanakaya wajifunze pia kuusoma mwili wake. Mkia unaoyumba kwa ulegevu pamoja na kiuno ni wa furaha, lakini mkia ulioinuliwa juu, mkakamavu, unaotikisika kwa haraka na kwa upana mdogo, ni wa mbwa aliye tayari kugombana. Kupiga miayo bila usingizi, kujilamba midomo bila chakula na kugeuza uso pembeni mara nyingi ni dalili za wasiwasi.

Uzio na geti vikamilike kabla hajaja, ili pasiwe na haja ya mnyororo wa mchana kutwa. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anachokiogopa, basi hubakiwa na njia moja tu. Uzio ni heshima kwa majirani pia. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi nchini, mahali palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na si haki mtu aendaye kuswali alfajiri arudishwe nyumbani na mbwa wetu.

Kama tayari kuna mbwa mwingine, wakutanishwe nje ya boma, mahali ambapo hakuna anayepaona pake. Watembezwe sambamba, kamba zikiwa zimelegea, na waachwe wanusane nyuma, kwa kuwa ndivyo wanavyosalimiana, badala ya kusogezwa uso kwa uso. Mmoja wao akiinamisha miguu ya mbele na kuinua makalio, anaalika mchezo. Vyombo vya chakula viwe mbalimbali. Jike, kwa kawaida, huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takriban mara 2 kwa mwaka, kwa wiki 3 hivi, na madume ya mitaa ya mbali hukusanyika getini wakipigana usiku kucha. Suala la kuhasi lizungumzwe mapema na daktari wa mifugo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Ugonjwa huu hupita kwenye mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa mpole aliyekuwa mkali ghafla, anayetoka udenda, taya limelegea na sauti imebadilika, asikaribiwe na mtu. Aitwe ofisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko tu. Kwa kuwa mgao wa maji unaweza kukuta bomba kavu saa hiyo hiyo, dumu la lita 20 lililojaa na kipande cha sabuni ya mche vikae mahali ambapo hata mtoto anapajua.