Mawimbi mawili ya ubongo yanashikana kwa kiasi gani? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja hapa Mbeya, aliyepima jinsi mawimbi ya umeme wa ubongo kwenye elektrodi mbili za kichwani yanavyokwenda pamoja, akapata 0.45 (0 ni hakuna ulinganifu, 1 ni ulinganifu kamili) katika kipande cha sekunde 2, akaamini kwamba sehemu hizo za ubongo zinawasiliana.

Hatua ya kwanza. Safisha rekodi, kisha chuja kila chaneli (rekodi ya elektrodi moja) ibaki na mawimbi ya alfa, yaani hezi 8 hadi 13. Tumia lugha ya programu ya Python, kwa sababu programu ya kubofya vitufe yaweza kuficha aina ya kichujio, nawe unahitaji kinachopita mbele na nyuma bila kuchelewesha wimbi.

Hatua ya pili. Tafuta awamu ya kila wimbi, yaani limefikia wapi katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka, kwa njia ya kihisabati iitwayo Hilbert, kisha chukulia tofauti ya awamu kati ya mawimbi mawili, kila sampuli, kuwa mshale wenye urefu wa 1. Tafuta mshale wa wastani wa mishale yote; urefu wake ndio kipimo: 0 ikiwa imetawanyika pande zote, 1 ikiwa yote imeelekea upande mmoja.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo nami niliwahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo nenda polepole. Sekunde 2 zenye sampuli 256 kila sekunde zinaonekana kuwa data nyingi, lakini baada ya kuchuja upana wa hezi 5, sampuli jirani hufanana mno, na vipande vinavyojitegemea hubaki kama 10 tu. Kwa vipande 10, hata mawimbi yasiyohusiana kabisa hutoa wastani wa karibu 0.3. Basi sogeza chaneli moja mbele kwa sekunde kadhaa ndani ya rekodi ndefu, pima upya, na urudie mara 1,000 kwa misogeo tofauti. Usisogeze kwa sehemu ya sekunde, maana alfa hujikumbuka, yaani wimbi hubaki likifanana na lilivyokuwa muda mfupi uliopita. Kwa mwanafunzi yule, zaidi ya misogeo 100 kati ya hiyo 1,000 ilifikia 0.45 au kuipita, kwa hiyo 0.45 yake ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Hatua ya nne. Kipimo kikishinda jaribio hilo, bado kagua chanzo cha pamoja. Watu wawili wakipita sokoni Mwanjelwa huku spika moja ikipiga muziki, hatua zao zaweza kulingana bila mmoja kumfuata mwenzake. Vivyo hivyo, chanzo kimoja ubongoni hufika kwenye elektrodi zote mbili kwa wakati uleule. Ndiyo maana napendelea kuongeza kipimo cha mtafiti Stam cha mwaka 2007 (Phase Lag Index), kinachohesabu ni wimbi lipi linatangulia na kuupuuza ulinganifu usio na ucheleweshaji.